Uboho Alioukataa Yaya

Yaya, ndivyo ninavyomwita kaka yangu mkubwa, alipougua kansa ya damu, tuliambiwa hatapona bila kupewa uboho wa mtu mwingine, ule ute wa ndani ya mifupa unaotengeneza damu. Watoto wa mama yetu tumebaki wawili tu, yeye na mimi, na wote tuko hapa Sydney. Wengine tuliwazika kwetu Kivu, Kongo, na katika kambi ya wakimbizi, pamoja na mama mwenyewe. Sasa hapo kuna cha kujadili? Lakini Yaya akawaambia madaktari, "Dada yangu msimpime."

Eti mgongo wangu mbovu. Mgongo gani? Mimi ninabeba maboksi kwenye ghala la Smithfield wiki nzima, na Jumapili ninacheza kanisani mpaka mchungaji ananiomba niketi! Nikamuuliza wifi yangu, "Huyu mume wako ananichukia?" Wifi akabaki kulia tu. Nilikasirika, siwezi kudanganya. Mtu anakataa hata damu ya ndugu yake ipimwe, utasema nina ukoma.

Basi nikaenda mwenyewe hospitalini, Liverpool ya hapa hapa Sydney. Nilipiga kelele pale mapokezi hadi dokta akatoka, na nikapimwa.

Majibu yalipokuja, dokta aliniita peke yangu. Alikuwa mama mpole, mwenye kupenda kueleza. Akasema ninafaa, tena kuliko walivyotegemea.

"Mwilini mna seli za kuua," akaniambia. "Ni walinzi. Kazini kwenu si mnavaa kitambulisho? Seli hizi nazo hukagua seli nyingine. Zikikuta alama ambayo zinaijua, huiacha hiyo seli ipite. Zisipoikuta, huiua."

Akasema jeni tulizorithi kwa wazazi ndizo zinazopanga alama hizo, na ndizo zinazowapa walinzi macho ya kuzitambua. Kansa ya Yaya ilikuwa na alama za Yaya mwenyewe, kwa hiyo walinzi wake waliipisha. Walinzi wangu wamezoea alama moja ambayo Yaya hana. Wakiingia mwilini mwake wataikosa kwenye kansa, na huenda wakaimaliza.

"Na hiyo alama mimi nimeipata wapi?" nikauliza, nikijiona mtu wa maana kweli kweli.

"Kwa baba yako," akasema. "Vipimo vinaonyesha mmechangia mama tu."

Ee Mungu wangu! Nikamwambia wamechanganya damu za watu. Nikamwambia baba yetu ni mmoja, aliuawa mimi nikiwa tumboni, na jina lake ndilo ninaloitwa hadi leo. Dokta akawa mwekundu, akaniomba radhi, akasema alidhani ninajua. Nilimtukana kwa Kiswahili, maskini wa watu, wala hakuwa na kosa.

Sikusubiri lifti. Nilipanda ngazi hadi wodini, nikamkuta Yaya amelala, kichwa hakina hata unywele mmoja.

"Yaya, baba yangu ni nani?"

Hakushtuka. Hicho ndicho kilichonimaliza, kwamba hakushtuka. Aligeukia ukutani. "Nilisema wasikupime," akasema.

"Baba yangu ni nani?"

"Simjui jina. Baba alikuwa ameuawa zaidi ya mwaka kabla hujazaliwa. Watu wenye bunduki walirudi, wakaingia kwa mama. Mimi nilikuwa chini ya kitanda."

Nilikaa palepale sakafuni, mtu mzima na jaketi langu la kazi, nikajitazama mikono. Nilitamani kuivua ngozi. Mama alinilea akinisifu kwamba nimerithi vidole vya baba.

"Ulitaka kufa ili mimi nisijue?" nikamuuliza.

"Ndiyo." Akaongeza kwa sauti ya chini, "Na sitaki kitu cha yule mtu kiingie mwilini mwangu."

Jamani! Nimetukanwa sana maishani, lakini neno lile lilinichoma kuliko yote. Maana dokta alishasema, kile nilichopewa na yule mtu ndicho ambacho kingeweza kumponya. Nikainuka, nikashika chuma cha kitanda, nikamfokea bila kujali wagonjwa wengine.

"Yaya, tulipokimbia kutoka Kivu, ulinibeba mgongoni mpaka kambini. Mama alikuambia uniache upumzike, ukakataa. Ulikuwa unajua yote. Sasa niambie, ulikuwa umembeba nani?"

Alinigeukia. Akalia kwa sauti, kilio ambacho sikukisikia hata siku tulipomzika mama. Mkono wake ukatoka chini ya shuka, ukanitafuta.

"Wewe," akasema. "Nilikubeba wewe. Nenda kamwite dokta."