Maoni Anayosomewa Mama

Kaka yangu ni fundi viatu siku sita za wiki na mpiga ngoma wa roki siku ya saba, na kazi zote mbili anazifanya kwa haraka mno. Kibanda chake kiko chini ya ngazi za jengo la ofisi. Anabana misumari midomoni, anagonga nyundo, na mteja akiuliza arudi saa ngapi, kaka anamjibu bila kufungua meno. Soli zake hazibanduki. Hilo nampa, maana mengine yote nitamsema.

Bendi yao ina watu wanne na umri wa miaka kumi na miwili. Muda wote huo walipiga magita ya kelele, na mashabiki wao, watu wazima wenye vitambi na fulana nyeusi, walikuwa wameridhika. Mwaka huu mpiga gita, ambaye mchana ni karani wa bohari, akaamua kuizunguka dunia bila kutoka chumbani. Akasema albamu mpya lazima iwe na zeze, marimba, filimbi za milimani na midundo ya visiwa ambavyo hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuviona. Zeze waliazima. Filimbi walizitengeneza kwa bomba la maji. Wimbo wa saba ukahitaji sauti ya mwanamke mzee, na kaka akasema, "Si mama yupo?"

Mama aliimba wimbo anaouimba akifua nguo. Alisimama mbele ya maikrofoni na mkoba wake begani, kwa sababu hakuwajua wale watu. Katikati ya wimbo akakatisha, akamgeukia kaka kwenye ngoma. "Mwanangu, unakimbilia wapi? Nisubiri." Kisha akaendelea pale alipoishia. Fundi mitambo aliyekuwa akirekodi alikataa kuyafuta maneno hayo. Alisema ndiyo sehemu pekee yenye uhai. Albamu ikatoka hivyo, mpiga ngoma anakemewa na mama yake mbele ya umma.

Mashabiki wakagawanyika. Mmoja aliandika mtandaoni kwamba wimbo wa saba umemliza kazini, mbele ya bosi. Mwingine akauliza kama bendi imefungua kituo cha kulea wazee. Wapo waliosema filimbi zinalia kama birika, na hapo sikuwa na la kubisha. Lakini wengi walimwandama mama: sauti imechakaa, apumzishwe, nani alimwalika?

Macho ya mama hayawezi tena herufi ndogo. Akampigia kaka simu. "Njoo unisomee watu wanasemaje."

Kaka alizoea kufika nyumbani Jumapili ya kwanza ya mwezi, tena mguu mmoja ndani, mwingine nje. Alikuja jioni ile ile. Akafungua maoni kwenye simu, akayatazama, akaanza kubuni.

"Huyu anasema sauti yako, kwa hakika kabisa, ni asali."

Kesho yake mama akamwita tena. Kesho kutwa pia. Wiki tatu nzima kaka alikaa kwenye kiti cha plastiki, anakunywa chai na kutunga sifa. Mimi ninayeishi na mama nilikuwa jikoni naosha vyombo kwa hasira, nusura nivunje sahani.

"Siku akijua, uso utauficha wapi?" nilimuuliza mlangoni.

"Atajulia wapi, dada?"

Njia ya mwongo ni fupi. Bendi ikaandaa onyesho la Jumamosi alasiri katika ukumbi wa shule, na mama akatangaza kwamba atapanda jukwaani. Kama watu wanampenda kiasi hicho, alisema, kujificha ni kuringa.

Jumamosi adhuhuri mama alikuwa ameshavaa gauni lake la bluu. Kaka akaja kumchukua, akasimama mlangoni kama aliyepigiliwa misumari.

"Mama, usiende."

"Kuna nini?"

"Nilikudanganya. Nusu yao hawakutaki. Labda zaidi ya nusu."

Mama alimalizia kifungo cha mkononi. "Najua."

"Dada kakwambia?"

"Sijaambiwa na mtu. Watu mia moja, wote wanasema 'kwa hakika kabisa', na wote hawavuti pumzi kati ya neno na neno? Nimekulea mimi. Twende, tutachelewa."

Nilimwonea kaka aibu, halafu nikamhurumia, na sikupenda kumhurumia.

Mama aliimba. Waliokuwa mbele walipiga makofi, waliokuwa nyuma walizomea. Mwenye fulana nyeusi mmoja akapaza sauti, "Mtoeni bibi!" Jirani yake akamwambia afunge mdomo, wakaanza kusukumana. Mama akawasubiri, mikono ameikunja mbele, kama mtu aliye kwenye foleni ya benki. Walipotulia akaumalizia wimbo, akashuka ngazi mwenyewe. Hakuna aliyebadili msimamo. Walibishana mpaka getini.

Jumapili jioni kaka akaja.

"Leo nisomee ya kweli," mama akasema.

"Huyu anasema unaimba kama mlango usiotiwa mafuta."

"Ana masikio. Endelea."

"Huyu anasema amemkumbuka mama yake, akashindwa kuusikiliza mpaka mwisho."

"Endelea."

Kaka akasoma mazuri na mabaya, taratibu, bila kuruka hata moja. Chai ikapoa.

"Basi, mama. Yamekwisha."

"Yote?"

"Yote."

Mama akakitazama kikombe chake. "Kwa hiyo kesho huji."

Neno hilo lilinichoma. Wiki zote zile nilidhani anangoja sifa.

Kaka akainama juu ya simu, akasugua kioo kwa kidole gumba, juu, chini. "Nimekosea," akasema. "Kumbe bado yapo. Mengi tu."

Nilikuwa nimesimama nyuma yake. Simu ilikuwa imezimika.

"Basi usiyamalize leo," mama akasema, akammiminia chai nyingine.