Kopo la Simsim Lisilo na Mtumaji

Jumamosi saa mbili asubuhi, mchuma chai aliweka kopo la simsim na njugu zilizofinyangwa kwa asali kwenye kaunta ya vifurushi mjini Kericho.

“Ni za watoto wangu. Likizo wako kwa nyanya yao Kisumu, wanacheza mpira kutwa.”

Karani alimpigia nyanya simu kuthibitisha mpokeaji. Sote tuliokuwa kwenye foleni tulisikia sauti yake: “Rudisha! Alimwacha mwanangu.”

Mama mchuma chai alifuta mikono kwa leso.

“Basi andika mpokeaji ni kochi wao wa mpira. Jina langu usiweke, nyanya atazitupa.”

“Sasa mathe,” karani aliuliza, “watajuaje ni wewe mama yao?”

“Wasijue. Wale tu.”

Fomu ina nafasi ya jina la mtumaji, lakini haina ya kueleza kwa nini imeachwa wazi.

Kopo liliondoka saa nne.