Mkono wa Orville Tackett

Kila Jumamosi baada ya chakula cha mchana, wakazi wa nyumba ya kutunzia wazee ya Glendale waliwekewa filamu fupi za zamani, zile zisizo na sauti, na kila Jumamosi Orville Tackett alitoka ukumbini amenuna. Wenzake walicheka mpaka meno ya bandia yakawachomoka. Yeye roho ilimuuma, maana mtu aliyekuwa akianguka pale kwenye kitambaa cheupe alikuwa yeye.

Ndiyo, yeye, mtoto wa mfua chuma wa Kansas. Kwa miaka kumi na moja alianguka badala ya nyota wa filamu Dewey Malone: kutoka ngazini, dirishani, hadi ndani ya pipa la chokaa. Bega lilivunjika mara mbili. Amri ya mwongozaji ilikuwa moja tu, uso usionekane. Malone akapata barua za mapenzi, Orville akapata bendeji. Kimoja tu hawakumnyang'anya. Kila alipoanguka, mkono wake wa kulia ulikimbilia kofia, hata kama hakuvaa. Kofia ya kwanza aliazimwa na babake, akaapishwa asiipoteze. Mwongozaji alifoka, kisha akaona watu wanacheka, akauacha.

Jumamosi moja uzalendo ukamshinda. Akasimama. "Huyo ni mimi!"

"Na mimi ni mke wa rais," akajibu Bi Agatha Prewitt, jirani yake wa chumba. "Kaa chini bwana, unatuziba."

"Nakwambia ni mimi, mama! Miaka kumi na moja!"

"Haya, basi tuonyeshe sura yako hapo."

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Orville akageuka kwa hasira aondoke, mguu ukanasa kwenye zulia, akaenda chini mzimamzima. Wakacheka tena, halafu wakainua shingo kutazama. Mkono wake wa kulia ulikuwa juu ya upara, umeshikilia kofia isiyokuwepo.

Muuguzi Lorraine, aliyekuwa akiendesha mashine ya filamu, akaja mbio. "Umeumia, mzee?"

"Usiniguse!"

Bi Agatha aliutazama ule mkono. "Lorraine, hebu rudisha mkanda nyuma kidogo."

Mkanda ukarudishwa. Mtu akaporomoka ngazini, mkono kichwani. Safari hii hakuna aliyecheka. Walitazama kitambaa, wakamtazama Orville, wakatazama kitambaa tena.

"Mbona mmenuna sasa?" Orville akafoka palepale sakafuni, machozi yakimlengalenga. "Miaka arobaini nasubiri watu wacheke wakijua ni mimi. Chekeni!"