Mpaka Bakari Atembee

Harufu ya mafuta ya cherehani hunitia kichefuchefu mpaka leo. Nilipokuwa na miaka minane, nyumbani kwetu Handeni, ilijaa sebuleni kila Ijumaa, imechanganyika na uji wa mdogo wangu Bakari. Cherehani yenyewe ilikuwa ya mkono, nyeusi, imefunikwa kitambaa cha kufuma. Aliyeifuta na kuitia mafuta ni Zuhura, binti wa miaka kumi na minne aliyeletwa kutoka Kang'ata kumlea Bakari. Kushona hakuruhusiwa. Mama alikuwa amepatana na baba wa binti huyo, Mzee Saidi: mshahara hakuna, ila Bakari akitembea tu, cherehani ni ya Zuhura. Wageni wakija, Mama alifunua kitambaa na kujisifu, "Hii ya mwanangu Zuhura." Mwanangu! Mwana gani anakula ukoko jikoni wakati wengine wako mezani?

Basi Zuhura akaanza kumfundisha mtoto kutembea. Kila alasiri, akishachota maji na kufua nepi, alimsimamisha Bakari uani kwenye vumbi jekundu, akarudi nyuma na kugonga sufuria kwa mwiko. "Njoo baba, njoo bosi wangu, nipe hatua moja nikushonee kaptula!" Mtoto anacheka, anadondoka, anainuliwa. Siku alipokwenda bila kushikwa, Zuhura alipiga vigelegele mpaka majirani wakachungulia. Hatua saba. Nilizihesabu mwenyewe.

Wiki ile ile Mzee Saidi akaja, kuku wawili mkononi, kamba ya kufungia mzigo begani. Kuku Mama aliwapokea haraka sana. Kisha akasema, "Mzee wangu, mbona mapema? Mtoto bado." Zuhura akajibu kwa sauti ndogo, "Anatembea, mama." Bakari alikuwa amelala mgongoni kwake, hana msaada wowote. Mama akanigeukia. "Eti mwanangu, mdogo wako anatembea?"

Nikasema bado. Nilimwogopa Mama, na sikutaka Zuhura aondoke kwa sababu ndiye aliyekuwa akinisuka. Sababu nzuri kabisa za kumdhulumu mtu! Mzee Saidi akasema, "Haya mama, tunashukuru," akarudi na kamba yake. Masharti yakawa mpaka Bakari aache kunyonya, halafu mpaka aanze chekechea. Asubuhi moja Zuhura akaondoka na mfuko wake wa rambo, na Mama akatangaza mtaa mzima kwamba mabinti wa shamba hawana shukrani. Akaletwa mwingine. Naye akaonyeshwa cherehani ile ile.

Sasa naishi Korogwe, nina mtoto wa miezi mitano, na wanawake wenzangu wananifundisha maisha: msichana wa kazi elfu thelathini kwa mwezi inamtosha, si anakula bure? Anayenipa somo hilo kasuka nywele za elfu hamsini. Msichana wake analala stoo na magunia ya mahindi, lakini anaitwa "dada", tena kwa sauti laini. Mwezi uliopita Mama naye akaja, kaniletea binti wa kazi kutoka Mazingara, na nyuma yao bodaboda imebeba cherehani, kitambaa juu. "Usihangaike na mshahara," akasema, bila hata aibu. "Mwonyeshe hii tu."

Mama alipoondoka nikauliza huku na huku, nikaambiwa Zuhura yupo Kang'ata, analima, ana watoto wanne. Nikapakia cherehani kwenye gari. Mama akasikia, akapiga simu akifoka, "Sasa huyu binti utamlipa nini?"

"Hela, Mama. Kila mwisho wa mwezi, mkononi mwake."

Akakata. Yule Bakari siku hizi ana ndevu na anaendesha bodaboda.

Nilipofika Kang'ata Zuhura hakunikumbatia, wala sikustahili. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia. Alifunua kitambaa, akazungusha gurudumu taratibu, akanusa vidole vyake. Halafu akanitazama.

"Kumbe Bakari ameshatembea?"