Macho ya Baba Mdogo

Nilipokuwa mtoto wa kutumwa maji na jerikeni ndogo, baba yangu alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma mtaa wa Hai Mauna, hapa Juba. Homa ilimchukua ghafla. Hakuacha wosia, wala hakusema kwa mdomo nani abaki na nini. Kwetu Waluhya, mtu mwenye afya akianza kugawa vitu vyake, watu wanamwuliza kama ameona kaburi linamwita.

Tulimzika hapahapa Juba, maana pesa ya kusafirisha maiti mpaka Kenya hatukuwa nayo. Tukabaki na nyumba ya kupanga na mashine yake ya kuchomelea. Hiyo mashine ndiyo ilikuwa ugali wetu. Mama alijua, na mdogo wake baba, Wekesa, alijua pia. Alifika siku ya mazishi, macho makavu. Kesho yake asubuhi akaanza kukunja nyaya za mashine.

Kukhu, bibi yetu tuliyeishi naye, mama wa baba na Wekesa, alikuwa amekaa nje kwenye mkeka.

"Wekesa, unapeleka wapi hiyo?"

"Nyumbani, mama. Mali ya kaka ni ya ndugu."

"Hatujanyoa."

Kwetu baada ya mazishi watu wanangoja siku chache, halafu familia inakutana na kunyolewa nywele. Siku hiyo ndiyo inaulizwa mbele ya wote marehemu ameacha nini, na nani atunze. Kabla ya wembe, kitu chake hakivuki mlango. Akikibeba mtu, marehemu atamdai machozi.

"Hayo ni ya kijijini, mama. Hapa ni Juba."

"Kwani Juba watu hawafi? Beba. Usipomlilia kaka yako leo, utamlilia kesho."

Mama, mjane kwenye nchi ya watu, angesema nini? Alisimama mlangoni na mtoto mgongoni, akaangalia toroli lililobeba mashine likienda.

Basi lilikuwa la kesho yake, kwa hiyo baba mdogo akaenda kulala kwa rafiki yake Hai Cinema. Akataka kujua kama mashine ni nzima. Mchana kutwa akachomelea vipande vya vyuma, bila miwani, na yeye si fundi.

Asubuhi alirudi kwetu ameshikwa mkono kama kipofu. Macho yamevimba, machozi yanatiririka, anasema ni kama ametiwa mchanga. Wanawake waliokuja kutupa pole wakamwonea huruma.

"Malesh, malesh," wakasema, yaani pole. "Huyu alimpenda kaka yake."

Mama Poni, jirani yetu, akamnong'oneza mama: "Kumbe juzi machozi alikuwa ameyaweka akiba."

Mama alicheka. Ilikuwa mara ya kwanza tangu mazishi.

Kukhu alimlaza kwenye mkeka, akamwekea kitambaa cha maji baridi machoni. "Lia tu, mwanangu," akasema. "Alikubeba mgongoni ukiwa mdogo." Kifua cha baba mdogo kikaanza kutikisika, na kila mtu alijua machozi hayo sasa si ya macho kuuma.

Jioni toroli lilirudisha mashine. Siku ya kunyoa, Kukhu aliuliza nani atunze, na aliyejibu kwanza ni baba mdogo, kichwa kimenyolewa, macho bado mekundu: "Ibaki kwa shemeji. Ana watoto." Mama akampa mashine msaidizi wa baba aifanyie kazi, wakawa wanagawana pesa. Tulikula, tukakua.

Mwaka huu nimejua kusoma, mimi mtu mzima. Dukani nilishika boksi la miwani ya kuchomelea, nikasoma mwenyewe, neno kwa neno, kwamba mwanga ule unaunguza macho, na maumivu yanakuja saa kadhaa baadaye. Muuzaji alinisubiri mpaka nikamaliza. Nilifurahi sana. Lakini Kukhu sikumwona mwongo. Bila maneno yake, baba mdogo angenunua dawa ya macho na kupanda basi. Na bila zile siku za kungoja wembe, mama hangekuwa na mahali pa kusimama. Wakili hatukuwa naye. Tulikuwa na desturi, na mwanamke mzee asiyeogopa mtoto wake.

Mpaka leo watu wanakufa bila wosia, na ndugu wanafika mapema. Nikisikia msiba mtaani, ninachukua mkeka wangu ninaenda kukaa mlangoni na mjane, siku zote za kungoja, hata kama kwao hawanyoi.