Tramu Nyeupe ya Rooty Hill

Sikwenda Sydney kutalii. Mimi Zuhura, fundi cherehani wa Ngamiani, Tanga, ambaye hata Dar naenda kwa kusukumwa, nilipanda ndege kwa sababu mdogo wangu Hemedi alinipigia simu akilia. Mkewe, wifi yangu Mwanaidi, alifariki mwaka jana, na visa yangu ikaja kutoka matanga yameshaanuliwa kitambo. Sasa Hemedi ananiambia kwamba tramu iliyo uani kwake inaondolewa.

"Dada, njoo uione kabla haijatoka. Mwanaidi yumo mle."

Nikadhani msiba umempanda kichwani. Tramu, kwa ambaye hajapata kuiona, ni gari la umeme linalopita juu ya reli katikati ya barabara za mji. Wifi yangu alizikwa makaburini kama Waislamu wengine, hakuzikwa ndani ya gari. Lakini damu nzito kuliko maji. Nikafunga kibanda, nikakaanga visheti, nikaaga majirani.

Njiani sina mengi ya kusimulia, maana nusu nililala na nusu nilisoma dua. Uwanja wa ndege wa Sydney walinikagua mzigo mpaka pindo za kanga. Visheti vikapita, mbegu zangu za mchicha zikatupwa. Yule binti wa ukaguzi alizitupa kwa adabu sana, hata nikashindwa kumkasirikia.

Katikati ya mji Hemedi alinisimamisha kwanza kando ya barabara kuu. Baridi ilikuwa ya kukata masikio. Mara ikaja tramu mpya, nyekundu, ndefu kama mtaa mzima, imepita mbele yetu bila kelele, watu wamesimama ndani wanachezea simu zao. Nikatoa macho.

"Zamani mji huu wote ulikuwa na tramu," Hemedi alinieleza. "Wakaziona za kizamani. Nyingine wakazichoma moto, nyingine wakawauzia watu mabehewa matupu, wakafugia kuku. Sasa wamenunua tena, kwa bei ya kufa mtu."

Nikamwambia wahenga walishasema: usiache mbachao kwa msala upitao. Akacheka, na ndiyo mara ya kwanza nilimwona akicheka tangu anipokee.

Rooty Hill tulifika kwa treni, mchana. Ni mahali pa nyumba za kawaida, kila moja na ua wake wa mbao, na nje hapana mtu. Nilitafuta kwa macho watu waliokaa vibarazani, nisione hata mmoja. Rukia, binti wa Hemedi, akatoka mbio na tumbo lake la miezi saba.

"Shangazi! You made it! Come in, it's freezing!"

Kiswahili anakisikia chote, ila ukimsemesha anakujibu kwa Kiingereza, au anachanganya. Nilimkumbatia, nikaweka begi, nikasema chai baadaye, nionyesheni hilo gari.

Ilikuwa nyuma ya mlimau, haina magurudumu, imekalia magogo, juu imeezekwa bati. Nje mbao zimechujuka kwa jua. Hemedi akasukuma mlango wa kuteleza, nikapanda kidaraja. Wallahi, nilisimama pale mlangoni nikasahau miguu yangu. Ndani kote kulikuwa kweupe, dari, kuta, mpaka fremu za madirisha, weupe ule wenye ubuluu kwa mbali tunaoujua sisi. Mabenchi marefu yalitazamana, na katikati kulikuwa na mkeka na seti ya kahawa. Nilikuwa nimevuka bahari na mabara nikaingia kwenye baraza ya nyumbani.

"Hiyo ni chokaa," nikasema.

"Chokaa, chumvi na buluu ya kufulia," alisema Hemedi. "Kila Shaabani. Chokaa Mwanaidi alikuwa ananunua kwenye duka la vifaa vya ujenzi, anachanganya mwenyewe kwenye ndoo. Nikimwambia nimsaidie, ananiambia mkono wangu mzito."

Siku waliyoinunua ile nyumba, mwenye nyumba wa awali alikuwa akiweka mashine ya kukatia majani mle ndani. Mwanaidi alichungulia tu akasema, "Baraza hii hapa." Basi kila Jumapili wakawa wanakuja watu wa Mombasa, wa Unguja, wa Tanga kwetu, na jirani mmoja Mkongomani mwenye maneno mengi. Na kwa kuwa chokaa haina siri, kila aliyeegemea aliondoka na mgongo mweupe. Hemedi ananiambia ukimkuta Mswahili ana mgongo mweupe kituo cha treni, huna haja ya kuuliza katoka wapi.

Jioni mezani nikapata upande wa pili wa habari. Rukia na mumewe wanataka kujenga nyumba ndogo pale uani, wahamie karibu na baba.

"He's all alone, Shangazi. Akitoka kazini Wetherill Park anakaa mle ndani kwenye baridi mpaka nampigia simu. The baby's coming. I want him with us."

Sikuona kosa la mtu. Tramu ingetoka kwa vyovyote. Swali lilikuwa inakwenda wapi: Jumatatu lilikuwa linakuja lori la wakata vyuma chakavu kuivunja, isipokuwa apatikane wa kuichukua na kuitunza.

Alhamisi asubuhi alikuja Keith, mzee mrefu mwenye kofia ya sufu, mmoja wa watu wanaojitolea kufufua tramu kuukuu. Alizunguka nje akipapasa mbao kama mtu anayekagua ng'ombe wa mahari. Alipoingia ndani akashika kichwa.

"Oh no. Who did this?"

"My wife," alijibu Hemedi. "Every year, before Ramadan."

Keith akaomba radhi, uso umemwiva. Kisha akatoa leso, akailowesha kwenye birika letu la maji, akasugua mahali kidogo juu ya dirisha. Chokaa ikalainika, ikabanduka vipande vipande. Chini yake ukatokea ubao wa rangi ya asali, unang'aa kana kwamba umepigwa vanishi juzi, na maandishi ya dhahabu yasiyopungua hata herufi. Keith alivua kofia. Kisha akaanza kuongea haraka haraka.

"Anasema nini?" nikamuuliza Rukia.

"He says hajaona nyingine iliyobaki hivi. Watu wengine walipaka rangi ya mafuta, and you can't get that off without ruining it. Chokaa imeilinda."

"Na hayo maandishi?"

Rukia akacheka. "Marufuku kutema mate."

Nikacheka mpaka machozi. Kumbe na wao walikuwa wakitema! Lakini Keith alikuwa hajamaliza. Wataichukua, alisema, wana nafasi ya tramu moja. Ila utaratibu wao ni kuirudisha ilivyokuwa ikibeba abiria, kwa hiyo chokaa yote lazima itoke.

Hemedi akakaa kwenye benchi. "Basi wakata vyuma waje."

"Baba!"

"Waje. Kama mkono wa mama yako unaoshwa, mbao za nini?"

Mimi nina ulimi, majirani mnanijua. Nikamwambia, "Hemedi, hiyo ni chokaa tu. Madukani imejaa." Aliniangalia, akainuka, akatoka. Hakurudi mpaka magharibi.

Ijumaa, Keith alitualika tukaone wanakozitunza. Hemedi alikataa, nikaenda na Rukia. Ni kusini ya mji, karibu na msitu wa mikaratusi. Nyuma ya karakana zimepangwa tramu ambazo bado hazijafikiwa, safu nzima, madirisha hayana vioo, majani yameota sakafuni, nyingine zimeinama upande. Nilitembea kati yake polepole kama mtu aliye makaburini, nikajikuta nawasalimia waliopanda zamani, wenye kwenda kazini, wenye kwenda harusini. Nikamuuliza Keith kama zote zitapona. Akatikisa kichwa. Mbao zinaoza haraka kuliko mikono yao, alisema. Kila mwaka wanachagua moja, na kuchagua moja ni kuziacha zingine.

Halafu akatupandisha iliyokwisha kufufuliwa. Kengele ikalia chini ya mguu wa dereva, gari likanguruma, likaondoka katikati ya miti na mwanga wa jua unakatika juu ya mabenchi. Sijui niwaelezeje. Kitu kilichokuwa kifusi kinanibeba! Nilishika mkono wa Rukia na nilitaka tusifike.

Tuliposimama ndipo nikaona, kwenye fremu ya dirisha langu, herufi mbili zilizochorwa kwa kisu na mtoto mtundu wa enzi hizo. Kila kitu kingine kilikuwa kimepigwa msasa, hapo hapakuguswa.

"Muulize mbona hapa hawakupasafisha."

Keith alipitisha kidole juu ya zile herufi. "Somebody was here," alisema.

Hilo sikuhitaji kutafsiriwa. Damu ikanichemka. "Mwambie hivi, Rukia, na usinipunguzie neno. Mtoto mwenye kisu alikuwa mtu. Mwanaidi mwenye ndoo, yeye hakuwa mtu?"

Rukia alimwambia neno kwa neno. Keith akajikuna kidevu, akasema itabidi awaulize wenzake.

"Awaulize," nikasema.

Jumamosi asubuhi simu ikalia. Wenzake Keith wamekubali kona moja ibaki na chokaa yake, na chini pataandikwa jina la Mwanaidi. Hemedi alisikiliza mpaka mwisho. Alikwenda bafuni, akatoka na ndoo ile ile ya Mwanaidi.

Aliosha mwenyewe, siku mbili. Rukia alikaa kwenye kiti akikamua matambara, mimi nikibadilisha maji. Maji meupe yalitiririka mpaka kwenye mlimau, na kila tambara lilipopita ubao uliwaka, hata jua lilipoingia tramu nzima ikawa ya dhahabu. Ilikuwa nzuri, na iliniuma kuiona nzuri vile. Kona iliyobaki ni ya kando ya mlango wa mbele. Hapo ndipo alipokuwa akikaa Mwanaidi, akiwamiminia watu kahawa.

Jumatatu lilikuja lori, lakini si la wakata vyuma. Kabla ya winchi kufungwa, Hemedi aliingia peke yake, akaketi kwenye kona ile, akaegemea. Aliposhuka, mgongo wa koti lake jeusi ulikuwa mweupe mabega yote. Mkono wangu ukaenda wenyewe kumpangusa, kama tunavyopangusana nyumbani. Rukia akaudaka.

"Shangazi, iache."

Kwa Kiswahili kitupu. Tukasimama watatu tukaitazama ikipita juu ya ua, ikaenda zake barabarani, na majirani ambao sikuwahi kuwaona wakatoka nje kuangalia.

Nilirudi wiki iliyofuata. Nilikwenda nikidhani kitu hutunzwa au hutupwa, basi. Kumbe hata kukitunza kuna cha kutupa, na mwenye uchungu nacho ndiye apewe tambara. Haya nimeyajifunza ugenini, kwa watu wanaolilia magari.

Uwanja wa ndege Hemedi alikuwa na koti lile lile, hajalipangusa. Nilimkumbatia sana, nikamwambia amchunge mjukuu, nikaingia ndani bila kugeuka. Nilipokaa kwenye kiti changu ndipo nilipoona viganja vyangu, vyote viwili, vyeupe. Mhudumu akapita anagawa vitambaa vya moto vya kufutia mikono. Nilipokea changu, nikamshukuru. Aliporudi kuvikusanya, nikamrudishia kama alivyonipa, hata sikukifungua.