Nilimwomba Munganga Aniachie Vidole Viwili

Wandugu munaolala humu wodini, munisikilize kidogo. Hata mimi nililala hapa.

Kabla ya ugonjwa, mushahara wangu ulitoka kwenye kiwanda cha shaba, lakini hapa Élisabethville watu walinijua kwa gitare. Nyimbo nilizitunga mwenyewe: juu ya mapenzi, juu ya masengenyo ya kwenye bomba la maji, juu ya baba yangu aliyetoka Pweto kuja kujenga reli. Ndoa bila mimi ilikuwa chakula tu.

Siku moja kamba ilikatika. Nikachomoa uzi wa waya ya breki kwenye kinga yangu, ile baiskeli ya kuendea kazini, nikaufunga kwenye gitare. Ukanidunga kidole cha kati, mukono wa kuume. Nikanyonya damu, nikaenda kupiga kwenye ndoa.

Mukono ukavimba. Usaha ulitoka chini ya kucha, unanuka nyama iliyooza. Vidole vitatu vya mwisho vikawa vyeusi, na mustari mwekundu ukaanza kupanda toka kiganjani. Homa ilinitetemesha mpaka kitanda kikalia. Bibi yangu Agata, mama wa watoto wangu, akanileta huku kwa nguvu.

Munganga muzungu alinigusa kifundo cha mukono. "Leo nakata hapa."

Wakati ule sikuwa mutu wa kujibishana na muzungu. Lakini nikasema, "Munganga, ukate vile vitatu. Uniachie gumba na hiki cha kuonyeshea."

"Viwili vitakusaidia nini?"

Katanga gitare tunalipiga na viwili tu. Nikamuonyesha juu ya chuma cha kitanda, gumba chini, kidole kikijibu. Machozi yalinitoka kwa maumivu. Akaangalia vile vidole.

"Nitakata vitatu," akasema. "Mustari ukifika kwenye kiwiko, nakata mukono wote. Na pengine tutakuwa tumechelewa."

Agata alikasirika. "We baba Petelo, unataka kufa juu ya gitare? Batoto batakula nyimbo?"

"Mi sitaki kufa. Lakini bila gitare mi niko nani?"

"Uko baba yabo. Ile haitoshi?"

Niliogopa, na nilimuonea haya.

Wakakata. Wakanichoma sindano za penisilini mpaka matako yakawa magumu. Kila bandeji ilipofunguliwa, Agata aliinama kuangalia kabla yangu. Mustari ulipanda. Ukapanda tena, karibu na kiwiko. Agata akaacha kusema na mimi. Kisha ukasimama pale pale, ukaanza kufifia, na yeye akatoka inje kulia.

Namushukuru Mungu, namushukuru yule munganga. Ninyi, kidonda kidogo musikinyonye na kwenda zenu, mukuje mapema. Na mumuambie munganga kazi ya mukono wenu, maana yeye anaona kidonda tu.

Leo napiga kwenye ndoa mpaka Ruashi. Agata hajanisamehe kabisa. Nikishika gitare, anapandisha kwanza mukono wa shati yangu, anaangalia mpaka kwenye kiwiko. Kisha anacheza.